Redio Hununuliwa kwa Masikio



Msimu wa kahawa ukimalizika na fedha ya chama ikiisha kulipwa, katika nyumba nyingi za vijiji vyetu hutokea swali moja. Mahitaji makubwa yakishahesabiwa, yaani ada, mbolea na mabati, vijana hutazamana, kisha mmoja hujikaza na kusema: "Baba, na redio je?" Siyo redio ndogo ya kushika mkononi wanayoitaka. Wanataka muziki wa nyumbani, chombo chenye spika zake, ili jioni watu wote wakae sebuleni wasikilize kwaya, habari na nyimbo.

Mimi sisemi kwamba ni vibaya kununua. Ila nataka nikusimulie jinsi nilivyonunua vibaya na kujuta, kisha nikafundishwa kununua vizuri kwa karibu nusu ya fedha ile ya kwanza. Nakueleza aibu yangu kusudi wewe ubaki na fedha yako.

Nyumbani kwetu, huku milimani karibu na Mbinga, tunakaa na baba yangu mzazi. Macho yake yalizimika kwa presha ya macho, nasi tulichelewa kumpeleka hospitali. Mama alitutoka mwaka 2009. Yeye alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kigango, sauti ya kwanza. Mwaka 1987 mjomba wangu mmoja alileta redio kaseti kubwa yenye maikrofoni mbili ndogo, moja kila upande. Siku ya mazoezi aliiweka juu ya kiti mbele ya kwaya, akarekodi nyimbo upande mmoja wa kaseti. Katika dunia hii, sauti ya mama haipo mahali pengine ila katika kaseti ile.

Redio kaseti yenyewe ilikufa zamani. Kijana wangu, kwa akili yake, aliipeleka kaseti mjini, akanakiliwa nyimbo zote kwenye flashi. Basi mwaka 2022, tulipokwisha kulipwa kahawa, baba aliniita akasema: "Mwanangu, mimi sihitaji shuka wala koti. Nitafutie kitu cha kuchezea zile nyimbo." Kwa mwaka mzima hakuniomba kitu kingine.

Mke wangu nami tulikaa tukahesabu. Tukapatana shilingi 150,000, isizidi hata senti moja. Nikashuka mjini.

Nadhani unajua mambo ya dukani. Niliingia, nikaona sabufa moja imesimama mbele, sanduku lake kubwa kama debe la mahindi, taa za rangi zikizunguka, na karatasi imebandikwa: "Wati 12,000." Mwenye duka akaweka wimbo wa ngoma nzito, akafungulia mpaka milango ya kabati ikatetemeka. Kifua changu kikatetemeka pia, na akili ikatoka. Nikauliza bei, akasema 280,000. Nikatoa. Zile 130,000 za juu zilikuwa fedha ya mifuko miwili ya mbolea.

Nilipofika nyumbani, mke wangu aliitazama sabufa, akanitazama na mimi, akaniuliza bei. Nikamwambia. Hakugomba. Alisema tu, "Haya, Baba watoto," akaingia jikoni. Ndugu zangu mliooa mnajua kwamba afadhali angegomba.

Jioni tulifungulia. Watoto wa jirani walijaa uani wakicheza. Kisha tukawatuliza, tukaweka flashi ya kwaya, nami nikamketisha baba mbele. Nyimbo mbili zikapita. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio. Mwishoni akasema polepole: "Mwanangu, ngoma naisikia. Mama yenu yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Sauti ya mama ilikuwa imefunikwa na mtutumo kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto uliojaa.

Wiki iliyofuata nilibeba sabufa yangu mpaka kwa fundi mmoja mzee, jirani na soko, ambaye ametengeneza redio maisha yake yote. Nilimweleza habari yangu yote bila kuficha. Hakunicheka. Aliigeuza sabufa, akanionyesha kibati kidogo cha nyuma, akaniambia: "Soma." Nikasoma: umeme wa volti 220 hadi 240, wati 65.

"Sasa," akasema fundi, "ukimimina debe moja la maji katika mtungi, utachota madebe mia mbili?"

"Hasha," nikajibu.

"Basi, chombo kinachokula wati 65 ukutani hakiwezi kutoa wati 12,000 za sauti saa nzima. Hata hizo 65 nyingine hupotea kwa joto. Ile namba ya mbele imeandikwa kwa ajili ya macho."

Hapo, ndugu msomaji, lipo somo la kwanza. Namba za wati ni za namna mbili. Iko namba ya kweli, inayoonyesha nguvu ambayo chombo hutoa mfululizo bila kuchoka; juu ya vyombo huandikwa herufi RMS. Iko pia namba ya majivuno, yenye herufi PMPO, ambayo haina kipimo wanachokubaliana watengenezaji wote, hivyo kila mmoja huandika apendavyo. Ukitaka kujua ukweli, geuza chombo utazame nyuma kinakula wati ngapi.

Wala usidhani kwamba wati nyingi maana yake ni sauti kubwa kwa kipimo kilekile. Ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda kidogo tu, yaani desibeli 3. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili, wati huhitaji kuongezwa karibu mara kumi. Kwa sebule zetu, wati 15 au 20 za kweli kwa kila spika zinatosha kabisa.

Somo la pili lilikuwa juu ya sauti ya mwanadamu. Fundi alinikumbusha simu za waya za zamani. Zile zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde tu, besi nzito haikupita wala vile vilio vyembamba sana, na hata hivyo mtu alimtambua mke wake mara alipotamka neno. Maana yake, uhai wa sauti ya mtu uko katikati. Sabufa ya bei nafuu mara nyingi hukosa hapo hapo. Sanduku kubwa linapiga ngoma, zile spika mbili ndogo kama tofali nusu zinalia nyembamba, na katikati pamebaki pengo. Mama yangu alikuwa ameanguka katika pengo hilo.

"Kwanza tusiitupe," fundi akasema. Akapunguza besi mpaka karibu na mwisho, akatenganisha zile spika ndogo, moja huku na moja kule, maana mimi nilizipanga zote mbili juu ya sanduku kama vikombe. Sauti ikawa nzuri kuliko mwanzo. Kwa hiyo, wewe uliyekwisha kununua chombo cha namna hii, jaribu hilo kabla hujauza, halikugharimu kitu. Lakini kwa kaseti yetu ya mwaka 1987 haikutosha. Nikaiuza sabufa kwa kijana mwenye kibanda cha chipsi, 170,000. Yeye alitaka ngoma, na ngoma akaipata.

Kisha fundi akanifundisha kuchagua. Nayaandika haya kwa utaratibu ili uyakate uyaweke.

Kwanza, fedha yako ndogo iweke zaidi katika spika. Ndizo zinazotoa sauti, na ndizo zinazotofautiana sana. Amplifaya ya kawaida iliyo nzima ikiendesha spika nzuri inashinda amplifaya ya fahari yenye spika mbovu.

Pili, usidharau vilivyotumika. Zile amplifaya na spika za mbao za miaka ya 1980 na 1990, zilizouzwa na watu waliohama au kununua vipya, mara nyingi ni nzito, imara, na bei yake imeshuka. Lakini zikague. Toa kitambaa cha mbele cha spika, utazame ule ukingo unaozunguka karatasi ya spika. Ukiwa wa sponji, huoza kwa miaka na kukatika kama mkate mkavu. Ukiwa wa mpira au wa kitambaa, hudumu. Kisha sukuma karatasi ile polepole kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ikikwaruza kwa ndani, acha. Kwenye amplifaya, zungusha kitufe cha sauti. Kikikoroma kidogo ni vumbi, husafishwa. Lakini upande mmoja ukinyamaza kabisa, au chombo kikitoa harufu ya kuungua, nenda zako.

Tatu, tazama omu zilizoandikwa nyuma ya spika na nyuma ya amplifaya. Kama amplifaya inasema isipewe spika chini ya omu 8, usiipe za omu 4, maana itachemka na siku moja itaungua.

Nne, nenda dukani na flashi yako mwenyewe. Usikubali wimbo wa mwenye duka, huo umechaguliwa kuuza. Chukua wimbo mmoja wenye sauti ya mtu unayemjua, na sauti ya mtu anayesema, kama habari za redio. Ukisikia maneno yote bila kukaza sikio, chombo ni kizuri. Tena, ukilinganisha vyombo viwili, viweke kwa sauti sawa, kwa sababu sikio la binadamu hupenda kilicho juu kidogo, na wauzaji wanalijua hilo.

Tano, usikidai chombo kitengeneze wimbo mbovu. Nyimbo zinazohamishwa kutoka simu hii kwenda ile mara nyingi zimebanwa sana ili zichukue nafasi ndogo, na katika kubanwa zimepoteza mengi. Wimbo wa kilobiti 64 hauwezi kulingana na wa 256 au 320. Ukinakiliwa kaseti, mwambie anayenakili asibane.

Kwa masharti hayo tulitafuta majuma mawili. Tulipata amplifaya moja ya zamani na spika mbili za mbao zenye kingo za mpira. Pamoja na waya na kichezeo kidogo cha flashi, jumla ikawa 145,000. Zile 25,000 zilizobaki katika fedha ya sabufa nilizirudisha mikononi mwa mke wangu. Lakini hesabu ukiijumlisha, nilitumia 255,000 kupata kitu cha 145,000, na 110,000 zilikuwa ada ya ujinga wangu. Mwaka ule kahawa yetu ilipata mbolea pungufu, na mti haudanganyiki.

Nilipovifikisha nyumbani niliunganisha mwenyewe, nikafungulia, na ajabu, sauti ikawa kama imefichwa, besi haipo, waimbaji hawana mahali pa kusimama. Nikaona nimeibiwa tena. Nikampigia fundi simu. Akaniuliza: "Waya mwekundu umeuweka kwenye mwekundu, mweusi kwenye mweusi, spika zote mbili?" Nikatazama. Spika moja nilikuwa nimepishanisha. Kufanya hivyo ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mmoja akishusha mchi mwingine anavuta kinu: spika moja inasukuma hewa na nyingine inavuta, kazi yao inauana. Nikageuza waya, na muziki ukasimama.

Hapa niseme kidogo kwa nini spika ni mbili. Mwaka 1931 mhandisi mmoja wa Uingereza, Alan Blumlein, aliomba hati ya uvumbuzi wa kurekodi na kucheza sauti kwa njia mbili. Inasimuliwa kwamba alichukizwa kuona katika sinema mtu yuko upande mmoja wa kitambaa na sauti yake inatoka upande mwingine. Santuri za namna hiyo, tuziitazo stereo, zilianza kuuzwa madukani kwa watu wa kawaida mwaka 1958. Siri yake ni kwamba tuna masikio mawili. Maikrofoni ya kushoto inasikia zaidi waliosimama kushoto, na ya kulia wa kulia. Ukicheza kwa spika mbili zilizoachana, kila mmoja anarudi mahali pake.

Kwa hiyo zipange hivi. Spika mbili na kiti cha msikilizaji vifanye pembe tatu zilizo sawa, mathalani meta mbili kati ya spika na spika, na meta mbili mpaka kitini. Ziwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyekaa. Usizisukumie pembeni kwenye kona, maana kona huongeza besi na kufunika maneno. Sebule zetu za sakafu ya saruji na paa la bati zina mwangwi mwingi. Tandika mkeka, weka pazia, nawe utaona maneno yanakuwa safi. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokupa faida kama mkeka kwa bei ya mkeka.

Jioni ile nilimketisha baba kitini. Mke wangu alitoka jikoni, akasimama mlangoni, ungali katika mikono. Tukaweka wimbo wa kwanza. Kwa sauti ya wastani tu, mtu angeweza kuongea juu yake. Wanaume walisikika kulia, wanawake kushoto, kama walivyosimama siku ile. Baba alikaa kimya, kisha akageuza kichwa chake polepole upande wa kushoto, akanyosha kidole. "Yupo pale," akasema. "Wa mwisho, karibu na dirisha. Siku zote alipenda kusimama karibu na dirisha."

Hatukusema neno mpaka upande wa kaseti ukaisha. Mke wangu akarudi jikoni na ungali wake mikononi. Baadaye akaniambia: "Baba watoto, safari ijayo tutakwenda wawili." Nikakubali, na tangu siku ile hatununui kitu kikubwa ila tumekwenda wawili.

Yamebaki machache. Kama umeme haujafika kwako, hesabu kabla hujanunua. Chombo kinachokula wati 20 kwa saa nne kinatumia wati-saa 80. Betri ya volti 12 na saa-ampea 20 ina wati-saa 240, lakini betri za maji na asidi hazipendi kukaushwa chini ya nusu, kwa hiyo zako ni 120 tu, na taa za nyumba zinangoja humo humo. Kama umeme umefika, ngurumo ikianza chomoa waya ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Huku kwetu milimani radi moja inaweza kumaliza mavuno ya mwaka.

Tena, wazazi, lindeni masikio ya watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ikiwa ya desibeli 90 isizidi saa nne tu kwa wiki nzima. Kipimo chepesi cha nyumbani ni hiki: kama inabidi upige kelele ndipo mwenzako aliye hatua moja akusikie, punguza. Na jirani yako naye ana mgonjwa, au mtoto mchanga, au amechoka tu. Muziki mzuri hauhitaji kuvuka boma.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kushuka mjini, keti na mwenzako, patananeni bei, kisha mjiulize: katika nyumba hii tunataka kumsikia nani? Ukilijua jina lake, chukua sauti yake katika flashi, uende nayo dukani. Taa na namba ziache zizunguke. Funga macho, usikilize kama yeye yupo.